Cheti cha ndoa hakipo na viza ya mwenza Uingereza inakaribia kuisha

Kabla hujapiga simu nyumbani wala kumlipa wakili, tambua kwanza karatasi yako imekosekana kwa namna gani. Kipo cheti kilichotolewa kikapotea, kikaliwa na mchwa au kikabaki kwenye begi la mtu aliyehama. Ipo ndoa iliyofungwa kihalali, ila mfungishaji hakupeleka taarifa kwa msajili, kwa hiyo serikalini haionekani. Na ipo sherehe ambayo kisheria haikuwa ndoa, hata kama shehe alihudhuria na pilau ikaliwa. Kila hali ina ofisi yake na ushahidi wake, na anayezichanganya hutumia wiki tatu kumsumbua mtu asiyeweza kumsaidia.

Maelezo haya yanamhusu aliyeko Uingereza kwa viza ya mume au mke, anayetaka kuongeza muda kwa fomu ya FLR(M), na ambaye ndoa yake ilifungwa Tanzania, Kenya au nchi jirani. Mwishoni wamo pia waliofunga ndoa hukohuko Uingereza, maana nao wana mtego wao.

Tarehe kwanza, cheti baadaye

Viza ya mwenza inayotolewa ukiwa nje huwa ya miezi 33. Nyongeza ni miezi 30, na makazi ya kudumu huombwa baada ya miaka 5. Wakati mzuri wa kuomba nyongeza huanza siku 28 kabla hujatimiza miezi 30 ndani ya nchi, na mwisho wake ni siku viza inapokwisha. Hesabu kuanzia siku uliyoingia, si tarehe iliyoandikwa kwenye viza. Ukiomba mapema mno, muda wa nyongeza utaisha kabla hujafika miaka 5 na utajikuta unalipia nyongeza nyingine nzima kwa ajili ya pengo la wiki chache.

Kosa baya kuliko yote ni kungoja cheti mpaka viza iishe. Kukosa cheti cha ndoa hakulifanyi ombi kuwa batili. Kinacholibatilisha ni mambo kama kutolipa ada, kutothibitisha utambulisho au kutotoa alama za vidole. Ombi lililotumwa na kulipiwa mtandaoni kabla viza haijaisha linakupa ulinzi wa kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya 1971: ruhusa yako ya kuishi na kufanya kazi inaendelea kwa masharti yaleyale hadi uamuzi utoke. Mwajiri akiingiwa na wasiwasi, anaweza kuhakiki haki yako ya kazi kwa huduma ya waajiri ya Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza. Ukituma siku moja baada ya viza kuisha, ulinzi huo huna. Kanuni zinaruhusu ombi lililochelewa kwa siku zisizozidi 14 kufikiriwa ikiwa kuna sababu nzito iliyo nje ya uwezo wako, lakini "msajili wa nyumbani alichelewa" ni hoja dhaifu kwa mtu aliyekuwa na miezi 33 ya kujiandaa.

Kuna nafasi ndogo ambayo wengi hawaitumii. Kutuma fomu ni siku moja, kupakia nyaraka ni siku nyingine. Ukishatuma na kulipa, unaweka miadi ya alama za vidole kwenye kituo cha UKVCAS, kinachopokea waombaji wa viza walio ndani ya nchi, na nyaraka zinapakiwa kabla ya miadi hiyo. Siku zilizo katikati ni zako. Kama ndugu yako yuko kwenye foleni ya msajili wiki hiyohiyo, chukua miadi ya mbali kidogo badala ya ile ya kesho asubuhi. Huduma ya kulipia ili ujibiwe haraka usiiguse ukiwa na hati pungufu: unalipia kukataliwa upesi.

Na fedha yenyewe si ya kuchezea. Kuanzia Aprili 2025 ada ya FLR(M) iliwekwa kuwa pauni 1,321, na juu yake ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, yaani pauni 2,587.50 kwa miezi 30. Ombi likikataliwa ada ya afya hurudishwa, ile ya ombi hairudi. Viwango hubadilika, angalia cha siku hiyo kwenye gov.uk.

Jambo moja la kuandika kwa wino mwekundu: ukishatuma ombi, usisafiri. Kutoka nje ya Uingereza, Ireland, Isle of Man na visiwa vya Channel wakati ombi halijaamuliwa kunahesabiwa kuwa umeliondoa. Wapo wanaotuma fomu Jumatatu na Ijumaa wanapanda ndege kwenda Dar kufuata cheti, na hapohapo wanapoteza ombi, ulinzi wa 3C na ada. Kama lazima uende mwenyewe, nenda na urudi kabla ya kutuma, viza ikiwa bado hai. La sivyo mtume ndugu.

Anza kwa wale ambao tayari wanacho

Viza ya kwanza uliipata kwa kuonyesha ndoa. Maana yake Home Office wanayo nakala. Wakili wa wakati ule anayo kwenye faili, na wewe mwenyewe huenda unayo kwenye barua pepe, kwenye simu ya zamani au kwa yule kijana wa duka la intaneti aliyeiskani. Tafuta hapo kabla ya kutafuta kwingine kokote.

Usipoipata, peleka Home Office ombi la kupewa taarifa zako binafsi, lile linaloitwa kwa kifupi SAR. Halina malipo, hufanywa mtandaoni, na kisheria hujibiwa kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Taja wazi kwamba unataka faili la ombi la viza ya mwenza pamoja na viambatisho vyake. Litume miezi mitatu kabla ya viza kuisha.

Nakala ya skani ya cheti kilekile walichokikubali mwanzo ni ushahidi wenye nguvu kuliko watu wanavyodhani, hasa ikiambatana na uthibitisho kwamba asili imepotea na nakala mpya imeombwa. Ina faida nyingine pia: inakuonyesha tarehe, majina na namba ya cheti ulizozitaja mwanzo, ili karatasi mpya isije ikakupinga.

Cheti kilichopotea

Tanzania Bara, anza na taarifa ya upotevu ya polisi, ambayo siku hizi huombwa mtandaoni kwenye mfumo wa polisi wa taarifa za mali zilizopotea. Kisha fuata njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni pale ndoa ilipofungwa: kanisani, msikitini, au ofisi ya mkuu wa wilaya. Mfungishaji mwenye leseni hubaki na kumbukumbu kwenye kitabu chake, na namba ya cheti imo. Ya pili ni RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa kuwa ndiko kumbukumbu za ndoa za Bara zinakopelekwa. Omba nakala iliyothibitishwa ya kumbukumbu ya ndoa. Anayekwenda kwa niaba yako abebe hati ya uwakilishi uliyoisaini na kuithibitisha, nakala za pasipoti zenu wote wawili, taarifa ya polisi, jina la mfungishaji, tarehe ya ndoa na namba ya cheti. Bila namba, karani anapekua kwa tarehe, na hapo ndipo siku zinapoliwa.

Ndoa ya Unguja au Pemba haiko RITA. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara. Kwa Zanzibar nenda kwa kadhi au ofisi ya wilaya iliyosajili, na kwa wakala wa Zanzibar wa usajili wa matukio ya kijamii. Mtu wa Mjini Magharibi anayempanga ndugu foleni Dar es Salaam anampotezea nauli tu.

Kenya, chukua abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuripoti upotevu, kisha Msajili wa Ndoa chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Huduma zake huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ndoa ya Kiislamu ianzie kwa kadhi aliyeiandikisha. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 haishikilii karatasi moja: kifungu cha 59 kinakubali nakala iliyothibitishwa, na pia maandishi ya kwenye daftari la ndoa. Basi kanisa likikupa nakala ya ukurasa wa daftari lenye mhuri na saini, usiidharau.

Kwa waliofunga ndoa Congo au Burundi, hati inayohitajika ni ya ofisi ya hali ya kiraia, si kadi ya kanisa, na itakuwa ya Kifaransa. Weka bajeti ya tafsiri.

Ndoa halali ambayo haikusajiliwa

Hapa ndipo watu huogopa bure. Kanuni za Uingereza, kwa ndoa iliyofungwa nje, zinataka hati inayolingana kwa kadiri ya kuridhisha na cheti cha ndoa, iliyo halali kwa sheria ya nchi ile. Kipimo ni sheria ya mahali ndoa ilipofungwa.

Kwa Tanzania Bara kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu tu haikusajiliwa. Kwa ndoa ya kimila, wanandoa wenyewe ndio wenye wajibu wa kuomba usajili ndani ya siku 30, na wengi hawajui. Kenya ndoa ya kimila hutaarifiwa kwa msajili ndani ya miezi 3 ya kukamilika kwa taratibu, na usajili huombwa ndani ya miezi 6. Aliyechelewa asikae kimya. Aombe usajili wa kuchelewa sasa, akiwa na barua ya chifu au mtendaji wa kijiji, viapo vya wazazi au washenga wa pande zote mbili, na picha za siku yenyewe.

Cheti cha usajili wa kuchelewa kina hatari yake. Tarehe ya usajili itakuwa ya mwaka huu, wakati viza ya kwanza ilitaja ndoa ya miaka minne iliyopita. Afisa anayesoma haraka ataona ndoa mbili, au uongo. Hakikisha cheti kinaonyesha tarehe ya ndoa na tarehe ya usajili kila moja peke yake, na uyaeleze kwenye barua yako kabla hajauliza. Karani akiandika tarehe moja tu, rudisha palepale dirishani. Kurekebisha ukiwa Manchester ni kazi ya miezi.

Karatasi ikichelewa mno, pakia risiti ya ombi la usajili, viapo, na barua fupi ya wakili wa nchi ile anayetaja kifungu cha sheria na kueleza kwa nini ndoa ni halali. Barua isiyotaja kifungu ni karatasi tu.

Sherehe ambayo si ndoa kisheria

Nikaha iliyofungwa sebuleni Leicester au kwenye msikiti ambao haukusajiliwa kwa ajili ya ndoa, bila taratibu za serikali, haihesabiki kuwa ndoa kwa sheria ya England na Wales. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo tena mwaka 2020 katika kesi ya Akhter. Mliofanya hivyo bila ndoa nyingine iliyofungwa nyumbani hamna cheti cha kutafuta.

Njia iliyobaki ni ya mwenza asiye na ndoa, kwa wale ambao uhusiano wao unaofanana na ndoa umedumu angalau miaka 2. Njia hii ipo ndani ya fomu ileile. Lakini kama viza ya kwanza ilitolewa kwa jina la mume na mke, usibadilishe kisanduku kimyakimya. Hapa lipia saa moja ya mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka ambayo hadi Januari 2025 iliitwa OISC, au wakili mwenye leseni. Jamaa wa mtaani anayejua kujaza fomu hatoshi, na kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili ni kosa la jinai.

Wazo la kufunga ndoa upya ofisi ya msajili London ili mpate cheti kipya, liacheni. Kama mlishaoana kihalali, mtamwambia nini msajili anayewauliza kama mko huru kuoa? Mtakuwa mmetoa tamko la uongo, na mmeitia shaka ndoa iliyowapa viza. Cheti cha kununua nacho kina adhabu yake: hati ya kughushi hukataliwa, na maombi ya baadaye kutoka nje yanaweza kufungiwa miaka 10.

Waliofunga ndoa ya serikali Uingereza wana shida nyepesi, lakini ipo. Tangu tarehe 4 Mei 2021 karatasi mnayosaini siku ya arusi England na Wales si cheti. Ni hati ya kupelekwa ofisi ya msajili ndani ya siku 21, iingizwe kwenye rejesta ya kielektroniki, ndipo cheti kinunuliwe. Mchungaji akiisahau mezani kwake, ndoa yenu haionekani kwenye rejesta. Pigia ofisi ya msajili ya eneo hilo, na nakala nyingine huagizwa mtandaoni wakati wowote.

Ndoa ya kabla ya hii

Karatasi inayosahaulika zaidi ya cheti chenyewe ni ya kumaliza ndoa iliyotangulia, iwe yako au ya mwenzako: hukumu ya talaka au cheti cha kifo. Talaka ya Tanzania Bara inahitaji amri ya mahakama; hati ya baraza la usuluhishi peke yake haitoshi. Talaka ya maneno iliyotamkwa ukiwa ndani ya Uingereza haitambuliwi kabisa, hata kama familia zote mbili zimeikubali.

Majina na tafsiri

Cheti kikiwa na majina mawili na pasipoti ikiwa na matatu, au Khadija akawa Hadija, afisa hatakisia. Ambatisha kiapo cha majina kutoka nyumbani, au hati ya kubadili jina kama ulibadili rasmi. Tarehe ya Hijria iwekewe ya kawaida pembeni kwenye tafsiri.

Cheti cha Kiswahili, Kiarabu au Kifaransa lazima kitafsiriwe kwa Kiingereza, pamoja na mihuri na maandishi ya mkono ya pembeni. Tafsiri iwe na maneno ya mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano. Kwa anayeomba akiwa ndani ya Uingereza kuna sharti la ziada ambalo tafsiri za Kariakoo na River Road hulikosa: mfasiri awe na sifa na azitaje, kwa mfano uanachama wa chama cha wafasiri. Tafsiri iliyopita kwenye ubalozi ulipoomba viza ya kwanza inaweza kukwama hapa.

Barua ya maelezo

Ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Ianze na majina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya ombi. Kisha iseme ndoa ilifungwa lini, wapi, na nani aliyeifungisha. Cheti kilikuwa namba gani na kiliwasilishwa kwenye ombi lipi lililokubaliwa. Kimepotea lini na umefanya nini tangu siku hiyo, kwa tarehe: polisi tarehe fulani, msajili tarehe fulani, jibu lake hili. Taja unachoambatisha badala yake, na lini unatarajia nakala mpya. Usimlaumu mtu na usieleze mapenzi yenu.

Maelezo hayo yageuze pia kuwa tamko la kiapo mbele ya wakili wa Uingereza, ninyi wawili kila mtu lake. Ada ya kisheria ya kuapisha ni pauni 5, na pauni 2 kwa kila kiambatisho. Kiapo hakichukui nafasi ya cheti. Kinachofanya ni kumpa afisa kitu cha kuweka kwenye faili akitaka kukusubiri badala ya kukukataa.

Cheti kikiwa na kasoro, zile nyaraka nyingine ziwe safi kupita kawaida. Barua 6 za anwani moja ndani ya miaka 2 iliyopita, kutoka vyanzo visivyopungua 3, zenye majina yenu wote wawili kadiri inavyowezekana: kodi ya halmashauri, benki, umeme, daktari wa eneo lenu (GP). Kipato na Kiingereza cha ngazi ya A2 vina kanuni zake. Walioomba viza ya kwanza kabla ya tarehe 11 Aprili 2024 na bado wako na mwenza yuleyule hubaki kwenye kiwango cha pauni 18,600, siyo 29,000.

Faili zipakie kwa majina yanayosomeka kwa Kiingereza: nakala ya cheti, taarifa ya polisi, barua ya msajili, tafsiri, kiapo. Skani ya rangi, pande zote mbili, hata upande wa nyuma ukiwa mtupu, kwa sababu baadhi ya vyeti huwa na mihuri nyuma na afisa hatajua kama chako hakina.

Afisa ana ruhusa ya kuandika kuomba hati iliyokosekana kabla ya kuamua, lakini halazimiki. Akiandika, hutumia barua pepe uliyoijaza kwenye fomu na huweka siku ya mwisho ya kujibu. Jaza anwani unayoifungua wewe, si ya wakala, na angalia folda ya taka kila siku. Cheti kikifika baada ya miadi, jibu kwenye barua hiyohiyo ukiweka namba ya ombi kwenye kichwa cha habari. Kukataliwa kukija, siku za kukata rufaa ukiwa ndani ya nchi ni 14 tu, na nakala mpya ya cheti inaweza kupelekwa huko kama ushahidi. Basi usimwambie ndugu aliyeko kwenye foleni arudi nyumbani.